Gari la spoti la zamani, daraja lipi? Mwongozo kwa wanaoingia mbio za magari Arusha na Moshi

Mtu akiwa na Celica, Altezza, Silvia au Impreza ya miaka ya tisini na akataka kuiingiza mashindanoni, kitu cha kwanza anachoulizwa gereji ni nguvu za farasi. Kinachoamua zaidi ni daraja, yaani kundi la magari yanayoshindanishwa pamoja. Gari lile lile likiwa na dereva yule yule linaweza kugombea kikombe katika daraja moja, na katika daraja la juu yake likawa linasindikiza wenzake tu. Kwa hiyo tafuta daraja ambalo gari lako, likiwa karibu na lilivyotoka kiwandani, limefika kwenye kikomo cha juu. Ukishalipata, usifanye badiliko lolote linalovuka kikomo hicho.

Anza na karatasi kabla ya spana

Mbio za magari nchini zinasimamiwa na AAT, chama kinachowakilisha FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hapa Tanzania. Unahitaji nyaraka tatu: kanuni za msimu mzima, kanuni za nyongeza ambazo waandaaji hutoa kwa kila shindano, na Appendix J ya FIA, yaani kanuni zake za kiufundi za magari, ambayo inapakuliwa bure. Katika Appendix J soma kifungu cha 253 (usalama), cha 254 (Group N, magari yaliyo karibu na hali ya kiwandani) na cha 255 (Group A, yaliyobadilishwa zaidi). Kanuni za nyongeza zisome mstari kwa mstari, maana ndizo zinazosema ni madaraja yapi yatapewa zawadi siku hiyo na ni magari mangapi yanatakiwa ili daraja lihesabiwe. Ukiingia daraja lenye gari moja, unaweza kujikuta umesogezwa kwenye daraja la juu.

Gari kongwe lina jambo la ziada. Uidhinishaji wa FIA, yaani idhini ya modeli kushindana, hudumu miaka 7 tangu kiwanda kitangaze kusimamisha uzalishaji wa modeli hiyo. Baada ya hapo gari halina haki ya kushindana katika daraja la FIA, hata kama ni zima kabisa. Linabaki na madaraja ya kitaifa, na huko ndiko utakakokuwa. Hilo lisikuvunje moyo: madaraja ya kitaifa ndiyo yenye watu wa kawaida wenye magari ya kawaida.

Ijue injini yako kwa vipimo

Usiamini kadi ya gari. Magari mengi ya spoti yaliyoko mjini yamebadilishwa injini, na kadi bado inasoma ya zamani. Soma namba iliyochongwa kwenye bloku, kisha upige hesabu: kipenyo cha silinda kwa sentimita, zidisha kwa kipenyo hicho hicho, zidisha kwa 0.7854, zidisha kwa mwendo wa pistoni, zidisha kwa idadi ya silinda.

Mipaka iliyozoeleka kwenye kanuni za FIA ni cc 1,400, 1,600 na 2,000, kisha zinazozidi hapo. Linganisha na magari tunayoyaona huku. Corolla AE86 ina injini ya 4A-GE ya cc 1,587, na Mazda MX-5 ya mwanzo ina cc 1,597, kwa hiyo zote mbili zinafika karibu kabisa na mpaka wa 1,600. Altezza yenye injini ya 3S-GE ina cc 1,998 na iko sawasawa kwenye mpaka wa 2,000. MX-5 ya cc 1,839 na Integra ya cc 1,797 zinaangukia daraja la 2,000 zikiwa na upungufu. Integra huufidia kwa injini inayokubali mizunguko mingi. MX-5 haiwezi kuufidia kirahisi.

Hapa ndipo fundi injini anapoweza kukuharibia msimu mzima bila kujua. Injini iliyochoka huchongwa silinda na kuwekwa pistoni za oversaizi, mara nyingi nusu milimita. Bloku ya 4A-GE ina kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77. Ukiichonga ifike 81.5 unapata cc 1,607, na AE86 yako imeshahamia daraja la Altezza. 3S-GE ya milimita 86 kwa 86 ikichongwa hadi 86.5 inafika cc 2,022 na kuangukia daraja la magari makubwa. Ukinunua injini ya mtumba, mwambie fundi afungue hedi na kupima kwa vernia kabla hujalipa. Bloku iliyokwisha kuchongwa ni nzuri kwa gari la mjini, lakini kwa shindano tafuta nyingine au weka silevu (mirija mipya ya ndani ya silinda) za kipimo cha asili.

Turbo inahesabiwa kwa 1.7

Injini ya petroli yenye turbo, ukubwa wake huzidishwa kwa 1.7. Starlet GT inaonekana ndogo kwa cc 1,331, lakini kwenye fomu ni cc 2,263. Wengi huinunua wakidhani watalitesa daraja la 1,400, halafu wanakuta wamepangwa na Lancer Evolution (Evo). Impreza WRX ya cc 1,994 inahesabiwa 3,390, na Celica GT-Four ya cc 1,998 inahesabiwa 3,397. Injini za rotari za Mazda zina kizidishi chao cha 1.8, hivyo RX-8 yenye cc 1,308 husomeka 2,354.

Mwenye WRX au GT-Four hana pa kukwepea kwa cc. Yuko daraja la juu vyovyote vile, pamoja na Evo zilizojengwa kwa miaka mingi na wenye fedha. Kwake chaguo la maana ni kutafuta kama kanuni za mwaka huo zina kundi la magari yaliyopita umri au la magari yasiyobadilishwa. Vinginevyo kuna njia isiyopendwa ambayo ina akili: Impreza isiyo na turbo, cc 1,994, inayoendesha magurudumu yote manne. Pale ambapo kanuni hazitenganishi magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili na yale ya manne, gari hilo daraja la 2,000 lina faida kubwa kwenye tope. Hakikisha kwanza kwa kusoma. Kanuni nyingi huyatenga magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili, na hapo faida hiyo haipo tena.

Mwinuko wetu una maana

Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko kati ya 800 na 900. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Altezza yenye farasi 200 kwenye karatasi itakuwa na takriban 172 Arusha na 183 Moshi. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopotea, ila inazunguka kwa kasi zaidi na joto linapanda, hivyo intakula (kipoza hewa ya turbo) na rejeta viwe safi.

Maana yake katika kuchagua daraja ni hii: usiingie daraja linalochanganya turbo na zisizo na turbo kwa shindano la Arusha au Monduli ikiwa gari lako halina turbo. Tanga, karibu na bahari, pengo hilo hupungua. Ukiwa na gari la kabureta, kama Datsun za zamani, kumbuka kwamba kwa mwinuko wetu mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno. Plagi zikitoka nyeusi za masizi, punguza jeti kuu (tundu la kupitisha petroli kwenye kabureta) hatua moja, jaribu, kisha uzitazame tena.

Wapime wapinzani kwa sekunde kwa kilomita

Chukua matokeo ya mashindano matatu ya karibuni katika daraja unalolitaka. Kwa kila hatua, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, gawanya muda wa mshindi wa daraja kwa urefu wa hatua. Tuseme hatua ni kilomita 18 na mshindi alitumia dakika 12 na sekunde 36: hiyo ni sekunde 756, sawa na 42 kwa kila kilomita. Wa tatu alitumia dakika 13 na nusu, sawa na 45. Kisha panga jaribio lako mwenyewe kwenye njia iliyofungwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba, yenye udongo na kona zinazofanana, ukiwa na tairi utakazoshindania.

Tofauti ya sekunde 1 kwa kilomita inazibika kwa tairi, shokapu na dereva kuzoea. Tofauti ya sekunde 3 haizibiki kwa gari lile lile. Kwenye kilomita 100 za hatua zote ni dakika 5, na hakuna kona itakayokurudishia dakika 5. Tazama pia safu ya walioshindwa kumaliza. Daraja ambalo nusu ya magari huishia njiani ni zuri kwa mtu mwenye gari imara lisilo na kasi kubwa, na magari makongwe ya Kijapani yakitunzwa vizuri ni imara kwelikweli. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973 kwa sababu ilifika. Kasi peke yake isingetosha.

Mabadiliko yanayokuhamisha daraja

Kabla ya kununua kipuri chochote cha kuongeza nguvu, kitafute kwenye kanuni. Kamshafti za mbio, giaboksi yenye meno yaliyonyooka, bodi iliyopunguzwa chuma, madirisha ya plastiki na pistoni zisizo za asili ni vitu ambavyo kwa kawaida hutoa gari kwenye kundi la magari ya kawaida. Shokapu na springi, pedi za breki, ekzosi kuanzia katikati na mabamba ya kukinga chini ya gari huruhusiwa zaidi. Fedha yako ya kwanza ipeleke kwenye shokapu. Kwenye barabara za vumbi gari lenye shokapu nzuri na injini ya kawaida hulishinda gari lenye injini kali linalorukaruka.

Gari la spoti limejengwa chini, na changarawe yetu ina mawe. Weka bamba la alumini la milimita 5 au 6 chini ya injini na giaboksi. Pitisha mabomba ya breki na petroli ndani ya gari ikiwa kanuni zinaruhusu. Imarisha kwa kulehemu sehemu ambazo shokapu inashika bodi, maana hupasuka mapema kuliko kitu kingine. Kichujio cha hewa kiweke mbali na tairi za mbele. Wakati wa masika, udongo mweusi huziba rejeta na kujaa ndani ya rimu hadi gari linatetemeka. Beba maji ya kuosha rejeta kila mnapokutana na timu ya huduma.

Wenye Impreza za STI wana tatizo jingine: kaliba kubwa za Brembo haziingii kwenye rimu ya inchi 15, na tairi nyingi nzuri za changarawe ni za inchi 15. Utahitaji breki ndogo za WRX, diski zake na kaliba zake. Hesabu hilo kwenye bei ya gari kabla hujalinunua.

Gharama isiyobadilika kwa daraja lolote

Keji (fremu ya mabomba inayowakinga walio ndani gari likipinduka), viti, mikanda, mavazi na mitungi ya moto gharama yake ni ile ile kwa gari la 1,400 na la 2,000. Hiyo ndiyo sababu ya kupendelea daraja dogo: tairi, petroli, klachi na difu hugharimu kidogo, na fedha inayobaki inakupeleka mashindano zaidi.

Keji usijengewe kwa bomba la maji. FIA inataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uimara usiopungua 350 N/mm². Upinde mkuu uwe milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yawe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kila mguu unakaa juu ya bamba la unene wa milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120, kwa bolti zisizopungua tatu za M8 daraja la 8.8. Mwombe muuzaji cheti cha bomba na ukihifadhi. Mkaguzi akikitaka huna pa kukipata tena baada ya rangi kupakwa.

Viti na mikanda vina tarehe. Kiti cha FIA 8855-1999 kinadumu miaka 5 tangu kutengenezwa. Viti vya mtumba kutoka Ulaya huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hasa, kwa hiyo soma lebo kwanza kabla ya kusifia rangi. Kwa tairi, panga sita kwa shindano moja, nne zikiwa chini na mbili za akiba. Sita mpya kwenye gari la 1,600 ni bora kuliko nne zilizochoka kwenye gari la turbo.

Ukibaki na madaraja mawili

Ikiwa hesabu zinaonyesha gari linaingia sehemu mbili, mfano kwa cc na pia kwa umri, andika barua pepe kwa mkaguzi mkuu kabla ya fomu kufungwa. Taja modeli, namba ya injini, vipimo vya silinda na orodha ya mabadiliko, kisha uombe jibu la maandishi. Jibu hilo lichapishwe na likae kwenye gari pamoja na leseni yako, leseni ya msoma ramani na cheti cha keji. Wakati wa ukaguzi onyesha nyaraka hizo mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwa sababu baada ya orodha ya kuanza kubandikwa si rahisi kuhamishwa daraja, na pingamizi kutoka kwa mpinzani huja na ada na muda maalumu. Pistoni na gasketi ya zamani ulizotoa wakati wa kufungua injini zihifadhi hadi msimu uishe. Pingamizi la ukubwa wa injini likikubaliwa, hedi itafunguliwa mbele ya mkaguzi, na utahitaji gasketi mpya ya hedi mkononi ili uondoke na gari lako siku hiyo hiyo.