Kabla ya Kuanza Antibayotiki za Kila Siku kwa Mgonjwa wa Ini Mwenye Maji Tumboni

Mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, akishajaa maji tumboni, maji hayo yanaweza kuingiwa na bakteria wa utumbo wake mwenyewe bila utumbo kutoboka. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupewa antibayotiki za kuzuia. Nasisitiza baadhi, kwa sababu dawa hizi zikimezwa ovyo huzalisha bakteria sugu.

Kwa hiyo ulizeni kwanza: mgonjwa wetu anapewa kwa sababu ipi? Aliyewahi kupata maambukizi hayo anastahili. Anayetapika damu au kupata choo cheusi huchomwa sindano ya antibayotiki iitwayo seftriaksoni akiwa wodini, kwa siku zisizozidi 7. Wengine ni wale ambao protini kwenye maji ya tumbo iko chini ya gramu 15 kwa lita, huku ini au figo zimechoka sana. Hayo hayajulikani kwa kushika tumbo. Lazima maji yavutwe kwa sindano yapelekwe maabara. Neutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, hapo anatibiwa kabisa, si kukingwa tena. Ombeni nakala ya majibu.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumwambie daktari pia kama mgonjwa amekuwa mvuvi au ameoga ziwani miaka mingi. Kichocho cha tumbo huziba mishipa ndani ya ini na kumtapisha mtu damu, wakati ini lenyewe bado linafanya kazi vizuri.

Dawa ndiyo yenye mitego. Mara nyingi ni siprofloksasini miligramu 500 mara moja kwa siku, au septrini miligramu 960, yaani vidonge viwili vya kawaida. Septrini ikikutana na spironolaktoni, dawa ya kupunguza maji wanayotumia wengi wa wagonjwa hawa, potasiamu huweza kupanda hadi kuhatarisha moyo. Ulizeni damu itapimwa lini. Mwenye mzio wa salfa aseme. Anayehudhuria CTC, yaani kliniki ya VVU, na tayari anameza septrini aseme pia, asije akameza mara mbili. Siprofloksasini isimezwe na maziwa, wala na vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia ya kutafuna. Na kano ya kisigino ikianza kuuma, arudi kwa daktari. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, huongeza uwezekano wa maambukizi haya, basi ulizeni kama bado anaihitaji. Diklofenaki ya maumivu, inayouzwa kila duka, aiache kabisa. Huumiza figo.

Daraja la Kigongo–Busisi limewapunguzia watu wa Sengerema safari ya kuja hospitali ya Bugando jijini Mwanza, lakini wa visiwa vya Ukerewe na Ukara bado wanategemea kivuko. Chukueni dawa za kutosha hata kwa siku ambazo ziwa limechafuka. Mkubaliane mapema nani atamsindikiza, na nauli ya dharura iwekwe kando.

Kidonge hakizuii yote. Tumbo kuuma, homa, mkojo kupungua, kusinzia mchana au kuongea maneno yasiyoeleweka: mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama hana homa, maana wengi hawapati. Mbebeeni boksi la dawa anayomeza, kwa sababu bakteria waliopenya wanaweza kuwa sugu kwa dawa hiyohiyo, na daktari atahitaji kuchagua nyingine.