Kwenda Mafia kwa tanga: anza na saa ya kufika

Mtu akiniambia anataka kwenda Mafia kwa tanga na hajawahi kufika, namuuliza kwanza atafika tarehe ngapi ya mwezi mwandamo, na saa ngapi. Wengi hunitazama kama niliyebadilisha mazungumzo. Saa ya kuondoka Dar es Salaam wanayo, wameshakubaliana na wenzao. Ya kufika wameiachia upepo.

Mimi niliwahi kufanya hivyohivyo. Tulifika mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, saa tano asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, tumechoka na tumefurahi, tukakaa juu ya mchanga mpaka alasiri huku watoto wakipita kwa miguu kando ya chombo wakituamkia.

Hesabu yake si ngumu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa kidogo, lakini yanajaa asubuhi, jua likiwa limeanza kupanda. Kwa mgeni siku hizo ndizo nzuri, hasa kama unataka kuingia Ghuba ya Chole upande wa mashariki, mbele ya kijiji cha Utende.

Huko mlango ni Kinasi. Maji yote ya ghuba huingia na kutoka hapo, na siku ya bamvua mkondo wake si wa kuchezea. Maji yakitoka na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma kuingia, mawimbi husimama mlangoni. Tena miamba huonekana kwa macho tu jua likiwa juu na liko mgongoni kwako. Unapoingia kutoka bahari kuu unaelekea magharibi, kwa hiyo unahitaji asubuhi. Alasiri jua linakupiga usoni na maji yote yanang'aa rangi moja. Siku ya bamvua maji hujaa alasiri, ndiyo saa hiyohiyo ya jua la usoni. Siku ya maji mafu kujaa na jua hukutana. Ingia maji yakiwa yanajaa, ili ukigusa chini yakunyanyue.

Sasa msimu. Kutoka Dar hadi Kilindoni ni kama maili 70 za bahari kwenda kusini, na mkondo mkuu wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ukizidi nguvu. Kwenda Mafia mwezi wa Julai ni kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, siku nzima huku maji yanakurudisha. Dau la mnyonge haliendi joshi (upande upepo unakotoka), walisema wazee, na hawakuwa wakisema siasa tu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hukusukuma vizuri kwenda, ila kurudi utakuona kugumu. Mimi nachagua tangambili ya Oktoba na Novemba, upepo unapobadilika na chombo huweza kwenda pande zote mbili, na papa potwe wameanza kuonekana Kilindoni. Tangambili nyingine huangukia kwenye masika, na mvua ile huja na dhoruba za ghafla. Wanaosema vimbunga havifiki kwetu wakumbuke Hidaya, iliyofika Mafia Mei 2024. Taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isome siku tatu mfululizo kabla ya kutweka, uone inaelekea wapi.

Maili 70 kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, ni saa 14, yaani ama utoke usiku ama ufike usiku. Kufika usiku mahali usipopajua usikubali. Mimi hukata safari Kisiwa cha Kwale, mbele ya Kisiju, nikalala nangani. Toka hapo kwenda kusini unakaribia maji ya Rufiji, na mto huo hauheshimu ramani: mafungu ya mchanga huhama, na ramani ya simu haina habari. Masika huleta na magogo. Waulize wavuvi wa Kwale, na uwaulize hivi: "Nyinyi mnapita wapi maji yakipwa?" Ukiuliza kama njia ni salama utajibiwa ndiyo, kwa adabu.

Vitu vya chomboni nitavipitia haraka maana kila mtu anavijua na nusu hawavibebi: jaketi okozi kwa kila kichwa na livaliwe, redio ya VHF kwenye chaneli 16, dira, nanga ya akiba na amari (kamba ya nanga) ndefu, ndoo ya kukumba ngama, yaani maji yanayoingia chomboni, maji ya kunywa lita 4 kwa mtu kwa siku, na nyingine za siku mbili ambazo hukuzipanga.

Utende na Chole vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Kuna kiingilio, raia na mgeni bei tofauti, na nanga haitupwi juu ya matumbawe. Ulizia pa kufunga kabla hujatua tanga.

Mwisho, mwachie mtu mmoja Dar karatasi yenye jina la chombo, idadi ya watu, utakapolala, na saa ambayo asipokusikia apige simu. Saa hiyo ipe nafasi, kwa sababu mtandao wa simu njiani huja na kuondoka. Na kazini omba siku mbili za ziada. Upepo ukigoma Kilindoni, bosi hataamini.