Namna ya Kupima Maoni ya Wahakiki Kuhusu Filamu ya Vijana na Mizimu

Kabla ya kuamini asilimia unayoiona kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki za filamu, fahamu kwanza inapima nini: ni sehemu ya wahakiki walioikubali filamu, wala si kiwango cha ubora wake, hivyo filamu ambayo karibu kila mhakiki ameiona nzuri kiasi tu inaweza kupata asilimia 90, ilhali ile iliyowagawa vikali ikabaki kwenye 50. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hukokotoa wastani wa alama zenyewe ambazo wahakiki wameipa filamu. Linganisha zote mbili.

Kisha isome tahakiki yenyewe. Mhakiki anayelalamika tu kwamba hadithi imezoeleka hajakusaidia, kwa kuwa vijana watano, ubao wa kuitia mizimu na vifo vya zamu kwa zamu ndio utanzu wenyewe. Mtafute anayetaja onyesho mahususi: msichana anafunga kabati lenye kioo, sura nyingine inatokea nyuma yake, na muziki unalipuka. (Vioo hivyo, nikiri, vimenichosha.) Akieleza kwamba ukimya uliotangulia ulidumu muda wa kutosha kujenga hofu, au kwamba mshtuko wote uliletwa na sauti peke yake, hapo umepata hoja ya kupima.

Daraja la CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji kwa herufi kuanzia A hadi F, linalotokana na watazamaji wa Amerika Kaskazini wanaohojiwa usiku wa kwanza wa filamu, lisikutie shaka mno, kwani filamu za kutisha hupewa C mara nyingi, zikiwamo baadhi ya zile zinazosifiwa na wahakiki.