Somo: Kwa nini Benki Kuu haipangi tu bei ya dola

Wanachama, wengi mmeuliza kwa nini Benki Kuu isitangaze bei moja ya dola mambo yakaisha. Hapa Tanga jibu liko wazi. Mwenye shamba la mkonge analipwa kwa dola. Mwenye duka la vipuri Ngamiani anaagiza kwa dola. Dola ikipanda, mmoja anapata nafuu na mwingine anaumia. Hakuna bei itakayowafaa wote, kwa hiyo lazima mtu achague, tena ajue anaacha nini.

Hatua ya 1: Ijue mifumo yenyewe. Ekuador iliacha sarafu yake mwaka 2000 ikachukua dola ya Marekani. Jirani zetu wa Komoro wana faranga yao, lakini imefungwa kwenye euro, yaani bei yake kwa euro haibadiliki. Marekani na Australia zinaacha soko liamue. Tanzania iko katikati: bei inapangwa na soko, na Benki Kuu huingia kununua au kuuza dola hali ikiyumba.

Hatua ya 2: Chagua mawili kati ya matatu. Hapa naomba msome taratibu. Wachumi Robert Mundell na Marcus Fleming walionyesha miaka ya 1960 kwamba nchi haiwezi kuwa kwa pamoja na bei ya dola isiyobadilika, mitaji inayoingia na kutoka bila kizuizi, na riba inayopangwa kwa kuangalia hali ya ndani.

Tuseme shilingi imefungwa kwenye dola na mitaji iko huru. Marekani ikipandisha riba, wenye fedha watauza shilingi wanunue dola. Ili bei isivunjike, Benki Kuu itamwaga dola zake sokoni au nayo ipandishe riba, hata kama mkulima wa Korogwe amevuna vibaya na mkopo umeshamlemea. Hong Kong, iliyofunga sarafu yake kwenye dola tangu 1983, imekubali gharama hiyo: riba yake huifuata ya Marekani. China kwa muda mrefu iliacha lile la pili: ilibana mitaji. Sisi, tangu Januari 2024, Benki Kuu inaongoza uchumi kwa riba yake. Ukitaka riba iwe chombo chako, lazima uiachie dola nafasi ya kupanda na kushuka.

Hatua ya 3: Hesabu akiba kabla ya kuahidi. Kutangaza bei ni kuahidi kumuuzia dola kila anayekuja kwa bei hiyo. Akiba ya dola ya Benki Kuu ikipungua, foleni inaanza, kisha ulanguzi.

Hili tumelipitia. Mwisho wa 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 16 kwa bei rasmi, lakini mtaani haikupatikana kwa bei hiyo. Fedha za katani zilibadilishwa kwa bei rasmi, huku mahitaji ya shamba yakifuata bei ya mtaani. Ilikuwa kodi isiyoandikwa popote. Sisemi ndiyo iliyoua mkonge peke yake: nyuzi za viwandani zilishaangusha bei duniani, na utaifishaji wa 1967 ulibadilisha uendeshaji. Lakini waliobaki shambani iliwakandamiza. Mwisho wa 1986 dola ilikuwa imepita shilingi 50. Mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa, na 1994 mabenki yakaanza kuuziana dola katika soko lao.

Hatua ya 4: Angalia misukosuko inatoka wapi. Nchi inayotegemea mazao ambayo bei yake hupangwa nje inahitaji sarafu inayoweza kushuka kidogo ili mkulima asibebe hasara yote. Nchi ambayo tatizo lake ni serikali kuchapa fedha hovyo inaweza kufaidika kwa kujifunga.

Hatua ya 5: Jua utatokaje. Argentina ilifunga peso yake kwa dola mwaka 1991 bila njia nyepesi ya kutoka. Ilipoachia mwanzoni mwa 2002, waliokopa kwa dola na kulipwa kwa peso waliangamia.

Maswali ya wanachama

*Mfanyabiashara, Horohoro:* Sisi tunavuka kila siku. Kwa nini tusiwe na sarafu moja na Kenya?

Tuliwahi kuwa nayo kaka, hadi shilingi ya Tanzania ilipoanza 1966. Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa 2013, na lengo limesogezwa hadi 2031. Ugumu ni ule wa hatua ya 2: riba itakuwa moja, hata kama ukame umepiga kwetu na si kwao.

*Mwenye duka la vipuri, Ngamiani:* Mimi nifanyeje, mwalimu?

Dada, usikope kwa dola ikiwa unauza kwa shilingi. Ukiwa na mzigo wa kulipia baada ya miezi mitatu, iulize benki yako kama inaweza kukubaliana nawe leo bei ya dola za siku hiyo. Linganisha gharama yake na faida ya mzigo kabla ya kusaini.

*Mwanafunzi, Pangani:* Shilingi ikipanda, si ndiyo uchumi umekuwa mzuri?

Si lazima. Huenda ni msimu wa mauzo ya nje na dola zimejaa. Tazama mwaka mzima, na uangalie akiba ya dola ya nchi inatosha miezi mingapi ya kuagiza bidhaa.