Kufungua milango ya gari isiyo na vishikio vya nje: kitasa, kebo na solenoidi

Usichomelee bati kwenye tundu la kishikio mpaka mlango ufunguke kwa umeme mara 50 mfululizo. Ukishapaka rangi, mlango uliokwama utakulazimu kuvunja kioo.

1. Fungua mlango. Toa kava la ndani, kishikio cha nje na fito zake. Kishikio cha ndani kibaki, kivute kitasa kwa mkono, bila umeme. Anayekiondoa ili ndani papendeze anajitengenezea mtego siku gari likipata ajali.

2. Chagua wenzo, yaani mkono mdogo wa kitasa utakaovutwa na kebo. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, piga loki, kisha vuta wenzo wa nje, ule uliokuwa ukivutwa na kishikio cha nje. Kwa kawaida utacheza bure, kwa sababu loki imeukata. Basi toa ufito wa loki na ukifunge kitasa kwenye hali ya kutolokiwa, la sivyo solenoidi (sumaku ya umeme inayovuta pini) itavuta hewa.

3. Pima, kisha funga solenoidi. Hapa ndipo saa zinapopotelea. Mlango ukiwa wazi, kitasa ni chepesi, hata kidole kinatosha. Ukifungwa, mpira wa mlango unausukuma nje na ulimi unabanwa, kwa hiyo nguvu inayotakiwa inapanda sana. Funga mlango, ingia ndani, unganisha mizani ya springi kwenye wenzo na uvute. Ikisoma kilo 8, tafuta solenoidi ya kilo 16 au zaidi.

Namba iliyoandikwa kwenye solenoidi usiiamini kichwa kichwa. Solenoidi ni dhaifu pini ikiwa imetoka nje yote, na ina nguvu zaidi ikikaribia mwisho wa kuingia. Kama wenzo unahitaji milimita 15 na pini inaingia milimita 25, tumia zile 15 za mwisho: acha kebo ilegee kidogo, pini ishike kasi kabla ya kuivuta. Ikilegea kupita kiasi, pini itagonga mwisho kabla kitasa hakijaachia.

Kebo ivute kwa kufuata mwendo wa wenzo. Ikivuta kwa pembeni, nguvu inaishia kwenye ekseli ya wenzo. Kebo ya breki ya baiskeli pamoja na ganda lake inafaa kuliko mnyororo au ufito uliopindwa. Solenoidi ifungwe kwenye bati nene, kwa bolti: bati jembamba la mlango linapinda na kula milimita zako. Kabla ya kukaza, teremsha kioo mpaka chini. Wengi hukumbuka kioo mwishoni.

4. Umeme. Betri, fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, mguu namba 30 wa relei (swichi inayoendeshwa na umeme), kutoka mguu 87 kwenda solenoidi kwa waya wa milimita 4 za mraba. Rimoti iamshe relei tu, kwa mpigo usiozidi sekunde moja. Ikishikiliwa, koili inaungua. Weka dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na solenoidi, mstari wake upande wa chanya. Waya wa rimoti upitie miguu 30 na 87a ya relei ya pili inayoamshwa na swichi ya ufunguo, ili gari likiwashwa rimoti isiweze kufungua mlango barabarani.

Mlango usioruka wenyewe unahitaji kisukumio cha springi kwenye nguzo ya mlango. Kikiwa kigumu mno kinaubana ulimi, na utarudi hatua ya 3.

5. Njia ya dharura. Kebo ya pili, moja kwa moja kwenye kitasa, itokee chini ya gari mahali pasipo na tope. Ongeza nyaya mbili zilizofichwa za kulisha volti 12 kutoka nje. Moja bila nyingine haitoshi: betri hufa, na solenoidi pia huganda.

6. Ziba tundu. Choma nukta nukta, ukiachia bati lipoe kati ya nukta, kisha puti na msasa.

Kabla ya puti, rudia zile mara 50 mlango ukiwa umefungwa na vioo vimepandishwa.