Mwenzako anaposoma simu yako: pa kuanzia, na pa kutogusa kwanza

Ukishashuku kwamba anakufuatilia, usibadilishe nywila zote usiku huohuo. Anayezoea kudhibiti akikuta mlango umefungwa ghafla, hasira zake hukuangukia wewe, si simu. Iache simu ya kila siku ilivyo: salamu za mama, kikundi cha shule, bei za nyanya. Mipango yenyewe ya kutafuta msaada au kuondoka ipite kwenye simu nyingine, ya dada au jirani unayemwamini.

Humo fungua barua pepe mpya. Usiweke namba yako kuwa ya kurejeshea akaunti. Akaunti ya zamani usiiingize humo kabisa, maana Google hutuma taarifa ya kifaa kipya kwenye simu anayoisoma yeye.

Sasa kagua, lakini usiondoe kitu bado. Kwenye WhatsApp gusa nukta tatu, kisha vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta mstari wa "Google Chrome (Windows)" uliotumika saa saba usiku, nawe huna kompyuta, kuna anayesoma. Kuunganisha kompyuta yake alihitaji simu yako dakika moja tu. Pengine alikibandika kidole chako kwenye simu ukiwa usingizini, ndiyo maana namba ya kufungulia ina usalama kuliko alama ya kidole. Ukikiondoa kifaa hicho, kwake mazungumzo yatafungwa na atajua, kwa hiyo subiri hadi uwe tayari. Wengi huchanganya jambo moja hapa: PIN ya tarakimu 6 ya WhatsApp humzuia mtu kusajili namba yako kwenye simu nyingine, haimzuii kuunganisha kompyuta.

Kwenye Google Maps gusa picha yako uone unashiriki mahali ulipo na nani. Hata pakiwa patupu, mwenye nywila yako ya Google anaweza kuitafuta simu kwenye ramani kana kwamba imeibiwa. Halafu piga *#21#. Itaonyesha kama simu zinazoingia zimeelekezwa namba nyingine.

Laini nayo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kama ni chake, anaweza kwenda dukani akaomba laini mpya ya namba hiyohiyo, na kila msimbo wa kuthibitisha utamfikia yeye. Tanzania, na Kenya kwa Safaricom, *106# huonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Pesa za simu huumbua wengi. Ujumbe wa kutoa pesa hutaja jina la wakala, na jina la wakala hudokeza mtaa uliokuwapo. Kuufuta hakusaidii sana, kwani mwenye PIN yako anaweza kuomba taarifa ya miamala. Nauli ya kuondokea iwe taslimu, tena isiwe ndani ya nyumba hiyo.

Betri kuisha haraka si ushahidi. Simu kuukuu zote ziko hivyo. Kwenye Android angalia mipangilio ya ufikivu (Accessibility) na programu zenye uwezo wa msimamizi wa kifaa: jina usilolijua lenye ruhusa hizo ni la kutilia shaka. Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani huondoa programu nyingi za aina hii, ila ukirejesha nakala ya zamani unaweza kuirudisha ileile. Wenye iPhone ya iOS 16 kuendelea wana Safety Check, sehemu ya kuona na kusitisha wanaofikia taarifa zako, chini ya mipangilio ya faragha na usalama.

Vitisho vyake vipige picha kwa simu ile nyingine. Picha ya skrini ya simu yako huweza kupanda yenyewe Google Photos, na kama anaingia akaunti yako ataiona kabla ya polisi. Historia ya kivinjari futa ukurasa mmojammoja. Historia tupu kabisa huzua maswali.

Kenya, 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Tanzania, uliza Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Piga kwa simu ya mwingine. Ukilazimika kutumia yako, futa namba hiyo tu kwenye orodha ya simu zilizopigwa.