Kutafuta Jeni za Viuavijasumu katika Udongo wa Mikoko
Chota udongo chini ya mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa, kisha uuanike kivulini kwa siku kadhaa, kwani ukavu huua bakteria wengi huku spora (chembe sugu za uzazi) za Streptomyces, bakteria wanaotengeneza viuavijasumu vingi, zikistahimili. Uzimue kwa maji yaliyotakaswa, uoteshe kwenye agari ya wanga (rojo la kuoteshea bakteria) kwa nyuzi 28 za Selsiasi, na usiharakishe: makoloni yenye sura ya unga hukawia wiki moja au mbili.

DNA ya koloni uliloteua ikishasomwa yote, programu ya antiSMASH itaonyesha mafungu ya jeni za usanisi, yaani jeni zilizo pamoja ambazo hutengeneza kemikali kama viuavijasumu. Wingi wake usikushangaze. Jenomu (DNA yote) ya Streptomyces coelicolor, iliyochapishwa mwaka 2002, ilikuwa na zaidi ya mafungu 20, mengi yakiwa kimya, yaani hayatengenezi kitu, maabarani. Uthibitisho hasa, kwa maoni yangu, ni kuzima jeni moja na kuangalia kama kiuavijasumu kinatoweka.